Lebo Zangu Hazipo Shingoni

Mshauri mpendwa,

Sijui umri wako kwa hiyo sijui nikuamkie au nisubiri uniamkie, lakini nisaidie kabla sijaharibu, maana mkamwana wangu anakaribia kujifungua mtoto wa pili na ameniomba niende nikae nao, na mimi nimeshamwambia mwanangu kwamba mgongo unaniuma wakati mgongo ni mzima kabisa, kinachouma ni moyo.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishona kiwandani tangu usichana wangu mpaka nikastaafu, na kazi yangu ilikuwa kutia lebo, yaani jina la tajiri kwenye shingo ya kila shati, mpaka nikawa naliona hata nikifumba macho, nikajiapia kwamba siku nitakayoshona kwangu nitatia lebo yangu. Jina sikutaka, majina nimeyachoka. Sasa kwa daktari wa meno, pale tunaposubiria, kuna picha ya kisasa, ile michoro ya maumbo matupu, mduara mwekundu, mraba wa buluu, mstari mweusi, watu wamekaa na mashavu yao yaliyovimba wanaulizana hii nayo ni picha gani, mimi nikaipenda palepale, nikarudi nyumbani nikachora ya kwangu: mduara ni kifungo, mraba ni kiraka, mstari ni uzi unaoviunganisha. Nikapeleka kwa wafumaji, wakanifumia lebo za nyuzi hasa, si za kupigwa chapa, ukipitisha kidole unausikia mduara. Shoga yangu akaziangalia akasema, "Mbona kama alama za barabarani?" Nikamwambia ndiyo, pita kushoto.

Basi kila nguo niliyomshonea mjukuu wangu nikaitia lebo ile. Juzijuzi nimekwenda kuwatembelea, nikasaidia kuanua nguo, na nilichokiona, mshauri wangu! Gauni la njano, hakuna lebo. Sketi hakuna, koti hakuna, zote! Nikageuza kola nikaona vitundu vya sindano tu, vimejipanga, uzi umefumuliwa mmoja mmoja na kitambaa hakikuchanika hata kidogo. Nikazikunja, nikazipanga kabatini. Mkamwana wangu anafanya kazi ofisini, ana adabu, hajawahi kunijibu vibaya, lakini naona ndiyo hivyo, anaona haya mwanawe kuvaa nguo za bibi zenye alama zisizojulikana madukani. Nikiuliza nitaitwa mkorofi, nikinyamaza nitakwenda kukaa kwake nameza miba kila siku. Je, niende, au mgongo uendelee kuuma?

Bibi wa Mduara

Bibi wa Mduara, shikamoo. Suala la umri limekwisha.

Pole sana. Umengoja maisha yote kupata alama yako, halafu unaikuta imetolewa na mtu wa nyumbani. Hata mimi ningeumia. Sasa niache nikugombeze. Umetia lebo shingo za watu mpaka ukastaafu, hukujua kuwa lebo ya kufumwa inawasha? Ngozi ya mtoto ni laini, bibi! Tajiri wako asingekuambia, yeye mashati yake yalikuwa yanauzika.

Halafu jibu umeniandikia mwenyewe ukalipita kama hulioni. Uzi umefumuliwa mmoja mmoja, kitambaa hakikuchanika. Mwenye kuona haya anachukua mkasi, krap, kazi imekwisha. Mjamzito aliyetoka kazini na miguu imevimba hakai kuvuta uzi mmoja mmoja kwa ajili ya kitu anachokidharau. Hizo lebo ziko mahali.

Ndiyo maana sikungoja gazeti litoke, nikakupigia kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Nikakwambia usiulize "kwa nini umezitoa", uliza "mwanangu, lebo zangu umeziweka wapi?" Ukaniita mtoto wa juzi, ukakata simu.

Jana ukapiga wewe. Nilidhani umefiwa, kumbe unacheka na kulia kwa pamoja. "Amezishona kwenye pindo la shuka la mtoto! Zote! Mtoto alitoka vipele shingoni, mama yake akaogopa kuniambia nisije nikaudhika. Mtoto halali mpaka aushike mduara. Mwanangu amenitumia picha, na upande wa pili wameacha wazi kwa huyu anayekuja." Bibi, hata mimi nilishusha pumzi. Nyinyi wawili mmeogopana bure, kila mmoja kwa heshima zake, na kuuliza si ujinga.

Kisha ukapunguza sauti. "Lakini mishono yake, mshauri, imepinda kama kuku amepita. Nikifika tu, akilala, naifumua niishone upya. Hatajua."

Weka sindano chini! Nisikilize vizuri. Mpigie mwanao leo umwambie mgongo umepona, naye akicheka mwache acheke. Funga mzigo uende. Nguo za mtoto mpya zitie lebo kwa nje, kwenye pindo la chini, mahali isipogusa ngozi. Upande wa pili wa shuka shona wewe, unyooshe utakavyo.

Ile mishono iliyopinda usiiguse. Umeshona alama ya mtu mwingine ujana wako wote, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyekaa chini akashona ya kwako.