Jina Langu Peke Yake

Nizar mdogo wangu,

Supu ya lablabi ipo kwenye sufuria, ipashe moto. Mama akiuliza, mwambie nipo salama. ~~Nimekwenda kwa mama md~~ Nilikokwenda sikuambii.

Asubuhi mtu wa kiwanda cha ngozi alimpigia Mama simu. Naye Mama, si unamjua, akamkaribisha kahawa na kumwelekeza hadi mlangoni! Yule mtu alipofika akanionyesha usajili wa tovuti yetu inayofichua uchafu wao: jina langu kamili, nyumba yetu, namba ya Mama. Dunia nzima inasoma.

Si nilikusihi ufiche kila kitu ulipokuwa unaisajili? Ukanijibu, "Tulia dada, nimeshamaliza."

Funga mlango kwa komeo. Mama asipokee simu ya mtu asiyemjua.

Tovuti tuliianzisha wawili, Nizar. Mbona jina lako halimo?

Dada yako