Kifaa Kinachojizima

Thunder Bay, Kanada, Jumapili

Mdogo wangu Reino,

Theluji imefika madirishani, na mkate wa iliki umeumuka vizuri. Kile kifaa changu cha kuvuta mvuke wa bangi sikitupi, kwa hiyo hizo simu zako zipumzishe.

Cha kwanza kilikufa, ndiyo. Jumamosi moja mwezi uliopita nilikisahau kwenye benchi la sauna, kile chumba chetu cha kuogea kwa joto, betri ikaiva kama soseji. Nikarudi dukani, lile la bangi ya halali karibu na kanisa lako la zamani. Binti muuzaji alicheka hadi akashika kaunta.

"Bibi, safari hii unataka cha kulewa au cha kulala?"

"Cha maumivu ya magoti," nikamwambia. "Na bado nikumbuke kwamba nimeacha sufuria jikoni."

Akanionyesha vya rangi za peremende, nikavikataa. Nikachagua cheusi, cha bangi isiyo kali. Ukishavuta kiasi ulichokipangia, kinatetemeka mkononi na kujizima. Navuta mara moja jioni, nafuma soksi, nalala.

Unasema nitaishia kama Baba. Reino, mimi ndiye niliyekuwa namvua buti akiwa amelewa na kuanguka mlangoni, wewe umejificha chini ya kitanda. Usinifundishe Baba alikuwaje.

Krismasi uje au usije, kitanda chako nimeshakitandika. Kifaa kitakuwa mezani, kando ya mkate. Kishike mwenyewe kikitetemeka na kujizima, halafu uniambie ni chupa gani ya Baba iliyowahi kufanya hivyo.

Dada yako,
Aune