Wivu Niliomwonea Bi Fumiko

Barking, London
Februari 2007

Dada yangu Zuwena,

Kabla ya yote nambie mgongo umefikia wapi. Mara ya mwisho uliponiambia "nashukuru" nilisikia pumzi ikikatika katikati ya neno, nami nakujua, wewe hushukuru zaidi unapoumwa. Ile dawa ya kuchua niliyompa jirani yangu aliyerudi Wete imekufikia? Na shemeji, miguu imepungua kuvimba? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imetushika lakini haijatuangusha.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya kwa kaka husikilizwa na nyumba nzima, na hapa kwangu kuta zenyewe kama karatasi. Nasra anaelewa kila neno la Kiswahili, ingawa hujibu kwa Kiingereza, na ninalotaka kukwambia linamhusu yeye. Siku ya Idi ya Mfunguo Tatu ulipomtaka kwenye simu nilikwambia yuko chooni. Hakuwa chooni. Alikuwa amekaa mbele yangu, akatikisa kichwa kuwa hataki. Najua ulihisi, maana uliniaga haraka, na baadaye kaka akaniletea maneno yako kwamba mtoto wangu amekulia Ulaya bila ya adabu. Dada, adabu anayo. Aliyekosa ni mimi, na nitakueleza kisa chote.

Unajua kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapikia, kuwatandikia. Mmoja wao ni Bi Fumiko, Mjapani wa miaka themanini na kitu, mjane wa baharia wa Kiingereza. Hakujaaliwa mtoto. Alikuwa mshonaji wa magauni mpaka vidole vilipopinda. Mwaka jana, wakati wa likizo fupi ya skuli, Nasra alikuwa na homa kidogo na sikutaka kumwacha peke yake, basi nikamchukua kazini. Hairuhusiwi, lakini nilimchukua. Tulipoingia tu Nasra akavua viatu, akainama, akamwamkia bibi yule kwa Kijapani. Mimi nilibaki na mfuko wa sabuni mkononi. Bi Fumiko, ambaye kwangu mimi alikuwa akisema "ndiyo" na "hapana" tu, alicheka mpaka akakohoa.

Maneno yale Nasra aliyapata kwenye katuni. Yeye na wenziwe wa skuli wana ugonjwa wa katuni za Kijapani, wenyewe huziita anime. Usidhani ni za watoto wadogo. Zina vifo, zina mapenzi, zina watu wanaojuta. Huzitazama kwenye kompyuta, na chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza yaliyotiwa na vijana wengine kama wao kwa mapenzi tu. Aliyoipenda kushinda zote ilikuwa ya msichana fundi wa madaraja, katika mji uliokatwakatwa na mito. Sehemu ya kumi na tatu ikamalizika msichana amesimama juu ya daraja lisilokwisha, na ng'ambo kuna mtu anamwita kwa jina. Nani huyo, haikujulikana. Nasra alilia siku mbili.

Nilimwuliza mbona hawakumaliza. Akanieleza kuwa katuni ile imetolewa kwenye vitabu. Huko Japani kuna riwaya za vijana, nyepesi, za kutia mfukoni, zenye picha chache, na mwandishi hutoa moja baada ya moja kwa miaka. Kitabu kikipendwa sana hufanyiwa katuni. Hiki kina juzuu tisa na katuni imekula tatu tu, na aghalabu haiendelei tena, maana kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu dukani wakanunue vitabu. Mwenye kujua Kijapani ataendelea kusoma. Asiyejua atabaki pale pale darajani.

Hayo ndiyo aliyomweleza Bi Fumiko siku ile. Bi Fumiko hakuwa mtu wa katuni, alisema ni kelele. Lakini haukupita mwezi nikamkuta na bahasha kutoka kwa mpwa wake wa Osaka, na ndani yake juzuu zote tisa. Akanambia nimlete mtoto Jumamosi.

Basi kila Jumamosi ikawa hivyo, kuanzia machipuko hadi Disemba. Bi Fumiko anasoma kwa kioo cha kukuzia, sentensi moja moja, anaigeuza kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika, na Nasra anaandika kwenye daftari, anaitengeneza, kisha jioni anaitia kwenye mtandao wenziwe waisome. Walikuwa wanamsubiri, Dada, watu asiowajua, wa nchi nisizozijua. Mwanangu wa miaka kumi na tano.

Na mimi? Mimi nilikuwa chumba cha pili natandika shuka. Nasikia wanacheka. Namwaga maji ya beseni, nasikia wamenyamaza, kisha Nasra anasema taratibu, "Rudia hapo." Siku moja nilimsikia akieleza kwamba katika katuni kuna mahali msichana anamtazama baba yake sekunde tatu bila kusema, na kitabuni kimya kile kile kina kurasa kumi na moja. Bi Fumiko akamjibu kuwa ndiyo maana mtu husoma. Nilisimama na mto mikononi. Mtoto huyu huyu, nikimwuliza habari za skuli, hunipa neno moja.

Yakaanza ya nyumbani. Chai ya tangawizi hataki, anataka ya majani mabichi isiyo na sukari. Chungwa analimenya ganda lisikatike, kwa sababu Bi Fumiko humenya hivyo. Halafu nikamsikia anamwita bibi, kwa Kijapani. Mama yetu alifariki Nasra hajazaliwa, na neno hilo hajapata kumwita mtu. Nilijiambia atakuja kulitumia kwako utakapozeeka. Kampa mwengine.

Dada, baba yake Nasra alipooa mke wa pili akahamia Birmingham, wewe ulishangaa kuwa sikulia. Sikulia kwa sababu haikuniuma hivi. Mke yule alinichukulia mwanamume. Huyu alikuwa ananichukulia mtoto, kwa kitabu, nami ndiye ninayemwosha mgongo. Nilikuwa namsugua kwa upole kama kawaida, sikumdhuru, Mungu ananiona, lakini moyoni nilikuwa namwambia: huna haya, bibi we, mtu mzima kuiba mtoto wa mwenzio.

Disemba nikaenda ofisini kwetu nikasema ngazi za nyumba ile zinanitesa magoti, wanibadilishie. Wakanibadilishia. Kisha nikamwambia Nasra kwamba Bi Fumiko amechoka, macho hayamsaidii tena, na ameomba asije.

Akauliza, "Alisema mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Alifunga daftari akaliweka juu ya kabati. Walikuwa katikati ya juzuu ya tano.

Nilidhani nimempata. Jumamosi ya kwanza nilipika mkate wa kumimina, nikamketisha ukumbini, nikamwambia na mimi nina hadithi, zile za bibi yetu wa Konde. Nikasema paukwa. Akaniitikia pakawa, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyomwitikia mgeni hodi. Alisikiliza mikono mapajani mpaka mwisho, akanishukuru, akaenda kulala saa za mchana. Nikaona amesikiliza kwa kunihurumia. Ndivyo alivyokuwa ulipompigia simu, Dada. Hakuwa na hasira na wewe. Alikuwa hana maneno ya kumpa mtu yeyote, kwa sababu aliamini bibi aliyempenda amemchoka, na aliyemfanya aamini hivyo ni mimi.

Katikati ya Januari nilikuwa sokoni hapa Barking nachagua ndizi mbichi, nikamwona Bi Fumiko kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na mhudumu mpya. Nilitaka kujificha nyuma ya mabegi ya mchuuzi. Akaniona kwanza. Akaniuliza magoti yangu. Kisha akamwomba yule mhudumu amnunulie limau, na alipokwenda akanishika mkono.

"Nambie kweli," akasema. "Nilimuudhi mtoto?"

Nikasema hapana, ana mitihani.

Akasema nisimlazimishe, lakini yeye hakuweza kungoja, amesoma peke yake hadi mwisho wa juzuu ya sita na hana wa kumsimulia. Akatoa kwenye mkoba wake karatasi zilizofungwa kwa uzi wa kushonea. Alikuwa ameandika mwenyewe kwa Kiingereza, herufi kubwa za kutetemeka, kwa vile vidole. Akasema, "Mpe. Mwambie mama yumo humu kwa wingi, atafurahi."

Nikauliza mama gani.

Akanistaajabia. Akaniuliza kama Nasra hajapata kunieleza. Katika katuni yule msichana fundi ana baba tu, mama yake wamemwondoa kabisa, labda kwa kuokoa wakati. Lakini kitabuni mama yupo hai tangu juzuu ya kwanza, ni dobi, ana maneno mengi, anamfuata binti yake na chakula mpaka juu ya daraja na kumtia aibu mbele ya mafundi wenziwe. Wasomaji wa mtandaoni walimwandikia Nasra aziruke sehemu za mama, zinachelewesha kisa, na katuni imethibitisha kuwa kisa kinakwenda bila yeye. Nasra akawajibu kuwa wanaotaka kisa kisicho na mama wakatazame katuni.

"Na mama yule ana lahaja ya kwao, ngumu kuigeuza," akasema Bi Fumiko. "Mimi nilikuwa nikishindwa. Nasra ananiambia, subiri, mama yangu angesema hivi. Anaandika. Mara nyingine anasimama, anaweka mkono kiunoni, ananionyesha. Ndiko kucheka kwetu."

Dada, mhudumu alirudi na limau, nikaaga, na ndizi nikaziacha pale pale zimeshapimwa. Nilizisoma karatasi zile kwenye kituo cha basi, basi tatu zikanipita. Nilimwona yule mama. Hakuwa mwema sana. Alikuwa msumbufu, mwenye wivu, hataki binti yake apendwe na mtu yeyote pasipo idhini yake.

Sikumwambia Nasra siku ile. Wala ya pili. Siku ya tatu alipotoka skuli nikamwekea karatasi mezani, na kabla hajauliza nikamwambia yote: magoti hayana kitu, Bi Fumiko hajasema lolote, mimi ndiye niliyesema. Nikamwambia nilifanya kwa wivu. Sikupata neno jengine la kulipamba.

Alisimama na begi mgongoni. Nilitazamia apige kelele, ningepata nafuu. Akasema pole pole, "Uliniona nilivyokuwa wiki zote hizo. Tunakula pamoja, unaniona. Na ukanyamaza?"

Nikasema, "Niliona. Nikanyamaza."

Akachukua karatasi akaingia chumbani. Siku nne hatukusemezana ila "chakula tayari" na "mlango nimefunga." Jumamosi akavaa koti akanambia anakwenda kwa Bi Fumiko, na akaniomba nisimfuate. Nilikaa jikoni. Nikakuna nazi nisiyokuwa na haja nayo. Nakwambia kweli, hata baada ya yote hayo, saa ile wivu ulikuwepo, umekaa na mimi, unanitazama nakuna nazi.

Sasa nikueleze ya Jumamosi iliyopita, ndiyo iliyonipa nguvu ya kushika kalamu. Alirudi alasiri, hakuvua hata koti, akasimama mlangoni mwa jikoni na daftari. Hakunitazama usoni. Akasema wamefika mahali mama amemkosea binti, kosa kubwa, na anataka wapatane lakini hawezi kusema nisamehe. Anasema neno dogo tu, la nyumbani. Bi Fumiko ameligeuza mara tatu na halijakaa vizuri. Akaniuliza mama wa kwetu angesemaje.

Nikafikiri. Maneno makubwa yalinijia yote, nikayaacha. Nikamwambia, "Angesema, njoo nikusuke."

"Hata kama nywele zimeshasukwa?"

"Hata kama zimeshasukwa."

Aliandika pale pale amesimama. Usidhani alikuja kukaa miguuni kwangu nikamsuka, hakuja. Akaniuliza tu neno lile nikusuke linaandikwaje, maana ataliacha kwa Kiswahili, na wenziwe watajijua. Kisha akaenda chumbani, na mlango hakuufunga.

Basi ndiyo hayo. Usimlaumu mtoto, na ukishamaliza kunilaumu mimi, niombee.

Nisalimie shemeji, mwambie asikae na miguu chini. Nisalimie kaka na wifi, na wifi umwambie kanga alizonitumia sijazivaa bado, naziwekea harusi. Mfikishie salamu somo yangu, mwambie kila alilonifunza nimelitumia isipokuwa la kuzuia ulimi. Na yule mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, ikiwa bado anasikia, umwambie mwanafunzi wake anasoma tena, hata kama ni vitabu vya Wajapani.

Nasra amesema Jumapili atakupigia mwenyewe, anataka umsimulie mama yetu alikuwa akizungumza vipi. Akikuchanganyia Kiingereza mvumilie, na msimulie yote unayoyakumbuka. Ila mkianza kucheka sana, Dada, ujue mdogo wako yuko chumba cha pili, anasikia.

Ni mimi, nduguyo wa tumbo moja,
Asha