Shuka la Ndugu Tisa

Jumapili, 6 Julai 2025

Mdomo wangu huu! Mama Yassine, mama wa mchumba wa binti yangu, alikuja leo kupanga siku ambayo bukwe, wakwe zetu, watakuja kuangalia vyombo vya bibi harusi. Akasema shuka la kitanda atalitoa yeye dukani kwake, la Kichina, linang'aa. Nikamjibu mbele ya watu wote: kwetu msichana haolewi bila shuka lililofumwa na mama yake pamoja na ndugu wote wa mama yake. Mimi niliolewa na langu. Akaniangalia vizuri, akasema, "Bon, tutaliona."

Mounira, binti yangu, alinifinya paja. Ana haki. Tangu Mama afariki hakuna kati yetu aliyeshika uzi. Nikishindwa, huko anakoolewa ataitwa mtoto wa mwanamke mwongo.

Jumatatu, 7 Julai

Nimewapigia wote simu. Tuko tisa. Kila mtu na rangi yake, kila mtu vipande tisa, kila kipande shibiri moja kwa shibiri moja, kama Mama alivyotaka. Wa Likasi na wa Kolwezi wamekubali. Yaya Mawazo, mkubwa wangu kule Mitwaba, alicheka mpaka mtandao ukakatika, lakini amekubali.

Yaya Rachid, kaka yetu mkubwa wa wote, anauza samaki kule Kasenga. Kwanza alisema ana kazi nyingi. Mama alifundisha hata wavulana kufuma — nyumba ya watoto tisa haina mtu wa kukaa bure, ndivyo alivyosema. Siku za baridi kama hizi tulizunguka mbabula, jiko letu la mkaa, makala yanawaka, mikono yote inafuma, na aliyekosea anafumua huku anawaimbia wengine. Rachid alitushinda sisi wasichana wote. Sasa amekubali, lakini ananiapisha nisimtaje kwa mtu. Eti wavuvi watamfanya mchezo. Nimeapa.

Jumatano, 23 Julai

Vifurushi vimefika vyote. Cha Rachid kilikuja na lori la samaki, kinanuka mpaka paka wa jirani wamekuja kutusalimia. Nimefua vile vipande mara mbili.

Halafu nikavitandaza sakafuni. Mama yangu! Kila mtu amepima kwa shibiri yake mwenyewe. Vya Rachid vikubwa kama sahani ya bukari, ugali wetu. Vya Najma, mdogo wetu wa mwisho, mwenye mikono ya kitoto mpaka leo, ni kama visosi. Zamani Mama ndiye aliyepima, kwa shibiri yake moja, sisi tulifuma tu. Hakuna hata mmoja aliyefikiria. Na aliyesema shibiri ni mimi.

Nimekaa chini nikalia. Mounira akasema basi, tuchukue la Kichina. Nikaanza kuviokota.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepata!

Nilikuwa naanika nguo, nikakumbuka tulivyovaa utotoni. Koti lilianza kwa Rachid, likashuka, likashuka, mpaka kwa Najma — mikono imekunjwa, linamfika magotini, na yeye anatembea nalo kwa maringo. Hakuna aliyelala na baridi kwetu. Basi vipande vidogo navyo vivae koti! Nitavizungushia uzi mweupe mpaka vifikie vya Rachid. Vya Mawazo mizunguko miwili inatosha. Vya Najma — Mungu anipe nguvu.

Najma mwenyewe amekuja mchana na sindano yake ya krosheti. Tumefuma, tumegombana, tumecheka. Bukari imeungua. Mume wangu ameila hivyo hivyo, mwenye akili yule.

Ijumaa, 1 Agosti

Limekwisha. Limefunika kitanda chote na kushuka pembeni. Mounira alilipapasa, kisha akajitupa juu yake na viatu. Nimemfukuza. Nilipobaki peke yangu nimecheza, mimi na shuka tu, mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Tumeshinda, Mama. Wote tisa.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika jikoni, nimesimama. Bukwe wako salon, chumba cha wageni.

Mama Yassine aliligeuza shuka kwanza upande wa nyuma, anatafuta mafundo. Hakupata. Akauliza mbona uzi mweupe ni mpana huku na mwembamba kule. Nikamwambia ukweli, mikono mikubwa na midogo, bila kutaja jina la mtu. Akacheka mpaka akafuta machozi, akaita wenzake waje kuona. Nilihisi kama nimerefuka.

Kisha akashika kipande cha bluu, cha Rachid. "Huyu iko anajua kazi. Ni dada yako gani alifanya hii?"

Nikafunga mdomo. Niliapa. Lakini upande wa wanaume Yaya Rachid, aliyefika asubuhi kutoka Kasenga, akasimama, na kanzu yake na tumbo lake.

"Ni mimi, mama."

Hakuna aliyecheka. Mama Yassine alimtazama, akamgeukia mwanawe, bwana harusi. "Yassine, kuya hapa. Ikala karibu na bukwe yako, akufundishe. Muke yako hatafuma peke yake."

Yassine akacheka, akidhani ni mchezo. Mama yake hakucheka. Akaniomba uzi na sindano, ndiyo maana niko huku.

Nimevipata. Kutoka mlangoni naona salon yote. Rachid amesogea, amemwachia nafasi kwenye kiti. Yassine bado amesimama, mikono mfukoni, anawaangalia rafiki zake. Mounira anamwangalia yeye tu. Hata kupepesa macho hapepesi.

Mkono mmoja umetoka mfukoni, umeshika kiti kando ya Rachid —