Kiti cha Kaka Nehemiah

Al-Rawdah, Jeddah

Kaka yangu Nehemiah,

Nakusalimu kwa heshima yote ninayokupa tangu utoto. U hali gani? Wifi Lorine na watoto hawajambo? Na yale magoti yanayokusumbua wakati wa mvua? Mimi ni mzima. Joto la huku linachoma mpaka ukutani, lakini madam wangu ni mtu wa haki na tunasikilizana. Barua hii ataileta Keziah, rafiki yangu wa huku, anayekuja likizo. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yako siku hizi hupokelewa na Lawrence, naye huniambia mheshimiwa yuko kikaoni. Haya ya leo si ya msaidizi.

Uliniomba nirekodi video, nitangaze kwamba wewe ndiye uliyemtoa Selipher huku Saudia. Ulisema neno la dada lina uzito, na kwamba uchaguzi huu ni mgumu kuliko chaguzi zote tatu ulizoshinda. Jibu langu ni hapana. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Usidhani nimesahau ulikotoka. Ulikuwa mwalimu tu ulipolala mbele ya tingatinga lililokuja kubomoa nyumba ya mjane Susan, ili tajiri mmoja apate njia ya lori zake. Ulilala kwenye matope na shati lako la kazini, na hapakuwa na mtu wa kukupiga picha. Ni kwa ajili ya siku hiyo wadi nzima ilikuchagua. Muhula wa kwanza ulituletea maji na zahanati, na mimi nilitembea kichwa juu. Muhula wa pili ukawa kiongozi wa wengi katika bunge la kaunti, ukaanza kufunguliwa milango ya gari. Huu wa tatu, hata Mama akitaka kukuona anaambiwa aje Alhamisi.

Sasa nikukumbushe Riyadh, ulipokuja na ujumbe wa kaunti kuwasikiliza wafanyakazi wa kwetu, maana ulipita haraka. Mimi nilikuwa nimekwenda huko na madam kwenye harusi ya dada yake, nikaomba ruhusa ya alasiri moja. Josphat, Mkenya anayewaendeshea gari wenyeji wetu, akanipeleka mpaka ule ukumbi wa Al-Murabba. Wanawake walikuwa wamejaa kukuona. Selipher alikuja na mkono umefungwa leso. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akiosha madirisha, na kafili wake, yule mwajiri aliyeshika kibali chake, alikataa kumpeleka hospitali, akakataa pia kumwachilia aende. Kila alipoomba aliambiwa mafi, yaani hakuna. Siku hiyo alitoroka, kwa kuwa alisikia aliyekuja ni mtu wa kwao. Uliinua ule mkono wake mzima mbele ya kamera ukasema, "Huyu narudi naye nyumbani!" Tulipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga.

Mkutano ulipokwisha ulitokea mlango wa nyuma. Nilimkuta Selipher ameketi nje na mfuko wake wa nguo. Nilipomwambia magari yenu yameshaondoka kwenda uwanja wa ndege, aliniambia, "Labda amesahau kitu. Atarudi." Hakukubali kuinuka mpaka mlinzi alipokuja kutufukuza. Nikakupigia simu. Lawrence akasema mnapanda ndege, nitume ujumbe. Nilituma, kaka. Hukujibu.

Josphat ndiye aliyemtafutia mahali pa kulala kwa Wakenya wa mtaa ule. Mfupa ulikuwa umeanza kuunga vibaya, ikabidi madaktari wauvunje upya. Josphat huyo huyo, kila alipopata mwanya kazini, alimsindikiza ofisi ya kazi na kumsemea kwa Kiarabu, mpaka kafili akasalimu amri. Tiketi ilichangwa na wanawake wa Ghulail, hapa Jeddah. Keziah alipita mlango kwa mlango. Wengine wao hawana hata ikama, kibali cha kuishi huku, na bado walitoa.

Aliposhuka Nairobi, nani alikuwa pale na shada la maua? Ulimkumbatia upande wa mkono mbovu, akapiga yowe, na watu wakadhani ni furaha. Sasa picha hiyo iko kwenye kila ukuta wa soko letu, na chini yake umeandikwa wewe, Mkombozi wa Mabinti.

Lawrence amenidokezea kwamba nisiporekodi, nisahau kujenga kwenye shamba la baba. Mwambie nimesikia. Nitapanga chumba sokoni. Nimeishi miaka hii yote katika chumba kilicho kando ya mashine ya kufulia, sitatishwa na chumba.

Na sasa nikuambie jambo ambalo sitaki ulisikie barabarani. Selipher atawania kiti chako. Ameshajiunga na chama, na wazee wa upande wa mto wamempokea. Usimtafute mpinzani aliyemchochea, kwa sababu wazo lilitoka kwangu. Nilipomwambia kwa simu alicheka, kisha akaniuliza atawaambia watu nini. Nikamwambia aanze na ile jioni aliyokungoja nje ya ukumbi. Mimi ndiye nitakayemwendeshea kampeni. Madam nimeshamwambia, naye hakunizuia. Mkataba ukiisha mwezi ujao, halas, siongezi.

Utasema nimekusaliti. Sema. Yule mwalimu aliyelala kwenye matope ningempigia kura mpaka leo, na kama bado yumo ndani yako, atanielewa. Huyu wa kwenye ukuta simjui, na siwezi kumwombea kura kwa watu walionilea.

Mama anajua. Alilia, akasema naivunja nyumba yake. Juzi akanipigia mwenyewe. Alisema hatapanda jukwaa la yeyote kati yetu, ila Selipher akipita kwake atampikia chai, na anayeona vibaya asije. Usimgombeze.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anarudi kabisa. Siku ya kwanza nitakuja kwako kukuamkia kama dada, nitakula utakachonipa. Kampeni tutaanza siku ya pili.

Ni mimi wa tumbo moja nawe,
Rosebellah