Picha ya Kumpelekea Dada

Jumatatu, 3 Machi

Dada kanipa kazi mpya. Kana kwamba dawa, gesi, maziwa na shuka za kufua hazinitoshi! Kila siku nimletee picha moja — kitu nilichokutana nacho njiani, ambacho mtu mwenye akili zake angekishukuru. Moyo wake umechoka, hata kufika mlangoni kwake ni safari, kwa hiyo macho niwe mimi. Nikamwambia dada, mimi napiga picha za pasipoti, za kushukuru sizijui. Akasema ndiyo maana uso wangu umefanana na wa wateja wangu.

Kweli. Kutwa nzima nawaambia watu wasicheke. Kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Mwishowe na mimi nimeacha.

Picha ya leo: paka wa duka la dawa, kalala juu ya mizani ya kupimia watu. Foleni nzima inamzunguka, hakuna wa kumfukuza. Dada kacheka mpaka akakohoa. Nikajuta kumletea.

Jumatano, 5 Machi

Mpwa wangu kapiga simu kutoka huko mbali aliko kazini. Neno ni lile lile: mama asiambiwe. Mwezi uliopita, mpwa alipokuja kumwona mama yake, daktari alituita pembeni sisi wawili — moyo hauna tena cha kufanyiwa, mtunzeni tu, pengine mvua zinazokuja asizimalize. Mpwa anasema mama yake akijua atakata tamaa. Ni mama yake, nitabishana naye vipi? Basi kila siku naingia chumbani nimejipaka sura ya mtu mwenye habari njema. Dada anauliza, daktari kasemaje? Unaendelea vizuri, kunywa dawa. Nimegundua uongo unatoka kwa urahisi mtu akiwa anakunja shuka, maana haangalii usoni.

Picha: fundi bomba kainama, anakunywa kwenye bomba alilolitengeneza yeye mwenyewe. Dada kaitazama sana. Huyo anaonja kazi yake, kasema.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepata! Nilikuwa narudi na mtungi wa gesi begani, nikapita njia ya nyuma, kando ya mfereji, kuwakwepa wanaoniuliza hali ya mgonjwa. Katikati ya matete — kiota cha mnana. Ndege wa manjano, kelele kama za sokoni. Jike anaingia kwa chini na mdudu mdomoni, na ndani vifaranga wanaanza kulia. Nimeweka mtungi chini nikapiga picha nyingi, matete yakiniziba, mbu wakinimaliza.

Dada kashonea nguo mtaa mzima maisha yake yote. Hakumtazama ndege, katazama ufumaji. Kaivuta picha ikawa kubwa, kafuata kila jani kwa kidole. Huyu kaanza na fundo, kasema. Wanagenzi wangu nilikuwa nawapigia kelele kwa ajili ya fundo hilo hilo. Kisha akasema anataka kuwaona hao watoto wakichungulia. Atangoja.

Tangu alale kitandani sijamsikia akisema anangoja kitu. Nimerudi nyumbani nikasahau kulalamikia mgongo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya mfereji. Kila Jumamosi sisi tunaojitolea tunafyeka na kuzoa takataka, mvua zisije zikaingiza maji majumbani. Mkuu wetu tunamwita Kamanda. Hajawahi kuwa askari, alikuwa mpishi wa shule, lakini ile sauti ya kuwapanga watoto mstari haijastaafu. Nilimwambia habari za kiota. Akasimamisha kazi, watu wakaja kuchungulia mmoja mmoja, mabuti yamejaa tope, wakinyata kama wezi. Ikakatwa kauli: matete yote yafyekwe, ya kiota yaachwe.

Wakafyeka kwa adabu kabisa. Nilijisikia fahari, nasema kweli.

Kisha nikatoa kamera. Mbele ya kiota yalibaki matete machache, yananiziba. Nikamwambia Kamanda na haya nayo yatoke. Akasita. Kaka, si kitakuwa wazi mno? Nikamwambia nataka dada yangu aone vizuri. Akayakata mwenyewe, moja moja, kwa kisu cha mfukoni.

Picha ikatoka! Kichwa cha kifaranga nje ya mlango, upara, mdomo wazi. Nikamsimulia dada tulivyoyakata matete; kaikumbatia simu yangu kifuani, macho kafumba. Asante, mdogo wangu. Hakusema zaidi, na mimi sikutaka zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Kunguru.

Nilifika asubuhi. Kiota kimepasuliwa, nusu inaning'inia, nusu imo majini. Jike alikuwa juu ya waya wa umeme na mdudu mdomoni. Anashuka, anazunguka pale pale palipokuwa na mlango, anapanda tena. Mdudu hamwachii.

Matete yale niliyoyaita kizuizi ndiyo yalikuwa pazia la nyumba yao. Mimi ndiye niliyelifungua. Kiherehere changu.

Kwa dada nimetoa picha nyingine ya jana, nikasema ya leo. Kafurahi. Nikaenda uani kufua shuka ambayo ilikuwa safi.

Jumanne, 11 Machi

Kamanda kaja studio, kavua kofia mlangoni kama kaingia msibani. Kapita mferejini, kaona. Akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeshika kisu. Nikasema langu, mimi ndiye niliyetaka. Tukagombania kosa mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akauliza kama picha yake itapigwa leo.

Mchana dada kauliza kama watoto wameota manyoya. Nimesema wameota. Ya rangi gani? Nimesema bado kijivukijivu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mimi naona yangu inarefuka, na kila hatua lazima niitengeneze mwenyewe.

Anakula kidogo kuliko wiki iliyopita. Miguu imevimba. Nimeikanda kwa mafuta, akalala nikiwa bado naikanda. Mikono yangu ilikuwa na joto lake mpaka kituoni. Picha ya kushukuru ingekuwa hiyo, lakini haipigiki.

Jumatano, 12 Machi

Picha za Jumamosi zimekwisha. Nikarudi kwenye za Alhamisi, nikachagua moja ambayo hajaiona, nikampa. Ya leo hii, dada.

Akaitazama. Akaivuta ikawa kubwa, kidole kikapita juu ya matete.

Kauliza taratibu: haya si mliyakata Jumamosi?

Nimesema nimepigia upande wa pili. Haya, kasema. Kanirudishia simu, kageukia dirishani. Kuna mti mmoja tu dirishani kwake na nusu yake ni ukuta wa jirani. Hakuuliza kama watoto wamekula.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia mpwa nikamweleza; kasema nisimwambie mama yake hata la ndege. Asisikitike, mjomba. Nikamuuliza, kwa hiyo tumwachie nini? Nikasikia kwenye simu analia. Nimekata mimi, kwa sababu na mimi nilikuwa karibu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia jikoni kwake, daftari juu ya mtungi wa gesi. Mvua imeanza mchana huu, nzito, ya kwanza.

Leo nimekuja bila picha. Aliponyoosha mkono nikampa dawa. Mkono ukabaki pale pale. Basi nikaketi ukingoni mwa kitanda nikasema yote. Kunguru, jike juu ya waya, matete, kisu, mimi. Nilisema nikitazama mikono yake, ile yenye alama za sindano kwenye ncha za vidole. Nilingoja anigombeze. Angenigomba ningepona.

Akasema: pole.

Mimi! Kanipa pole mimi! Kisha machozi yakamtoka bila sauti, akayafuta na kona ya shuka, akauliza siku ngapi nimelibeba hilo peke yangu. Tangu Jumapili. Kwa nini hukusema? Nikamwambia nilitaka uwe na cha kungoja.

Akafumba macho. Mvua ikawa inapiga bati, nikafikiri kasinzia. Nikainuka kuchukua bilauri.

Mdogo wangu, kaniambia. Mficha maradhi kifo humuumbua. La ndege umelisema, na mimi sijafa kwa kulisikia. Sasa keti uniambie na la daktari. Nimekuona unavyokunja shuka.

Nimesema ngoja nikuchemshie chai kwanza.

Kwa hiyo niko hapa. Namba ya mpwa ninayo kwenye kioo cha simu, sijaibonyeza. Nini nitamwambia — kwamba mama yako alijua kabla yetu? Maji yalichemka kitambo, yamebaki nusu. Kupitia ukuta nasikia kitanda kinalia. Nilidhani anataka kushuka, nikakimbia mpaka mlangoni.

Hashuki. Anajisogeza taratibu kuelekea ukutani, anapumzika, anajisogeza tena. Kashaondoa mto mmoja. Ananitengea nafasi.

Nimezima jiko.