Mianzi ya Sadaka

Mama,

Shikamoo. Wenyeji wa hapa wangesema "Ugonile," nami ningeitikia "Ndaga," lakini najua wewe hutaki salamu za kuazima. Mimi mzima. Ile malaria imekwisha na dozi nimeimaliza yote, kidonge cha mwisho nilikimeza mbele ya mashahidi. Goti la kushoto linaendeleaje? Dada aliniambia kwamba mtama umesimama ila alizeti imeungua kwa jua. Huko kwetu Singida mnaomba mvua inyeshe. Huku, mwezi huu wa Aprili, watu wanatazama milima ya Rungwe na kuomba isinyeshe. Sijui Mungu anazipangaje sala mbili za namna hiyo.

Naandika kwa karatasi kwa kuwa ulisema maneno ya simu yanapotea kabla hujayatafuna.

Dada aliniambia na jambo jingine. Alisema tangu tumzike Elia hujakanyaga tena kwenye jumuiya, na kwamba wenzako wakiimba nyumba ya pili wewe unafunga dirisha. Sikulaumu. Tuliomba miezi saba kwa ajili ya mdogo wangu, nami nilikuwa miongoni mwa walioomba. Ulimtuma Dada aniulize, kwa kuwa kazi ya uandishi wa habari imenitembeza na nimeona mengi, kama nimewahi kumwona mtu aliyemngoja Mungu asione haya, kama Zaburi inavyosema. Jibu sina. Nina habari moja tu, na nimeishuhudia kwa macho yangu. Nitakueleza ilivyokuwa, wewe utaamua mwenyewe.

Unajua nilihama Bondeni pale mjini kwa sababu ya kelele za mashine za kukoboa mpunga. Nikapata chumba cha uani Talatala, kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Lusajo. Ana miaka sitini na kitu, ana shamba la kakao na migomba, na ni mzee wa kanisa. Lusajo mwenyewe, mwanawe wa pekee, anafanya kazi Mbeya kwenye gereji. Nyuma ya nyumba kuna mto. Watu wa hapa huzika nyumbani, kwa hiyo kaburi la mumewe, Mzee Ambakisye, liko uani, kati ya nyumba na mto, limesakafiwa vizuri kwa saruji. Siku za jua Mama Lusajo huanika kakao juu yake. Anasema mumewe alikuwa mvivu wa kuanika akiwa hai, sasa anafidia.

Nilipohamia, kutoka kaburini hadi ukingoni zilikuwa hatua zangu thelathini. Krismasi zikawa ishirini na mbili. Machi ilipoanza, kumi na nne. Nilikuwa napima kila asubuhi kabla ya kupanda bodaboda kwenda kazini.

"Mwandishi, mto umekuambia nini leo?" alikuwa anauliza akiwa jikoni.

"Kumi na nne, Mama."

"Rudia. Miguu yako ya Singida imezoea ardhi isiyokimbia."

Nilikuwa nacheka, ila nilirudia kupima, na zilikuwa kumi na nne.

Usifikiri ukingo huanguka kwa kishindo. Kwanza unasikia udongo ukidondoka majini kidogo kidogo, kama mtu anayemimina mchele kwenye sufuria. Halafu kimya. Katika kimya hicho mbwa wa Mama Lusajo alikuwa anainuka na kwenda kulala upande wa barabara. Ndipo kipande kizima kinashuka, na ukitazama unaona mkakao umesimama wima katikati ya maji, matunda yake bado yako shinani, unakwenda zake Ziwa Nyasa.

Nikajiuliza kwa nini mto unakula pale tu. Ng'ambo umetulia, na kwa jirani wa chini, mama Bupe, mjane kijana mwenye watoto watatu, ukingo ulikuwa mzima. Kwa mama Bupe kuna mianzi. Nikarudi kwetu nikashuka kidogo kwenye ukingo, nikaona visiki vya mianzi, vingi, vyote vimeoza. Jioni nikamuuliza Mama Lusajo nani aliikata.

Alikuwa anafunika kakao kwenye sanduku la mbao kwa majani ya mgomba ili ivunde. Hakuinua kichwa.

"Niliitoa mimi."

"Uliiuza?"

"Niliitoa sadaka. Mume wangu alikuwa anaumwa, tumbo limejaa maji. Kanisa lilikuwa linajengwa, mafundi wanataka mianzi ya kusimamia. Wengine walitoa ng'ombe, wengine bati. Mimi nilikuwa na mianzi. Nikamwambia Mungu, chukua yote, usiache hata mmoja, unirudishie mume wangu. Waliikata yote. Ilipochipua, ng'ombe wa watu wakala machipukizi. Na mume wangu alikufa kabla kuta hazijafika madirishani."

Mama, mimi huwauliza watu maswali, ndiyo kazi yangu, lakini pale nilimsogezea majani mengine. Yeye ndiye aliyeendelea.

"Unataka kuniuliza kama najua mianzi ndiyo iliyokuwa inaushika ukingo. Najua. Kiangazi kilichofuata niliona mizizi inaning'inia, nikajua. Sijamwambia mchungaji. Atajilaumu bure, kijana wa watu."

"Na Mungu je? Yeye umemwambia?"

"Namuuliza kila siku. Wewe ukienda ofisini kwa mkubwa ukamuuliza, asikujibu, unafanyaje?"

"Narudi kesho yake."

"Na asipojibu tena?"

"Narudi."

"Basi," akasema, na akaweka jiwe juu ya majani.

Kilichobaki kilikuwa kumhamisha marehemu mapema. Hapo palikuwa na kikwazo. Kwa desturi yao mjane hawezi kuligusa kaburi bila kauli ya ndugu wa mume, na kaka wa marehemu, Mzee Asajile, alikataa. Huyu ni mtu mwema, mwombaji, mwenye sauti nzito, nyumba yake iko juu kidogo karibu na barabara. Alikuja, akasimama mbele ya kaburi na kofia mkononi.

"Shemeji, kaburi si kitanda, useme leo tulisogeze huku kesho kule. Mungu ndiye aliyemlaza hapa. Unadhani hauoni mto?"

"Anauona, shemeji. Na mimi nauona. Ndiyo maana naomba watu wa kuchimba."

"Imani yako imepungua."

"Imani ipo. Uwanja ndio umepungua. Muulize mwandishi."

Nikasema hatua kumi na moja. Mzee Asajile akanitazama kama mtu anayetazama mtoza ushuru. Akasema tungoje Pasaka, ukoo wote utakuwa umekuja, tuombe pamoja, na kama Mungu hakuuzuia mto ndipo tutachimba.

"Mto haujui Pasaka ni lini," Mama Lusajo akamjibu. Lakini alitii. Hakuwa na la kufanya.

Tukangoja. Sitakuficha, Mama, majuma yale yalikuwa mabaya. Mpunga mashambani ulilala majini. Alasiri hapa kwetu jua lilikuwa kali, mtu anaanika nguo, na wakati huohuo milima imefunikwa na wingu jeusi. Mvua ya huko ndiyo iliyokuwa inaujaza mto wetu. Maji yalikuja ya rangi ya matofali, yamebeba migomba yenye mikungu, milango, siku moja mbuzi aliyekufa akiwa bado na kamba shingoni. Wanawake wa kanisa walikuja kila Jumamosi kuomba ukingoni. Waliimba vizuri. Walipokuwa wakiondoka nilikuwa nasikia ule mchele ukimiminwa.

Wiki mbili kabla ya Pasaka choo kilishuka, chote, na paa lake. Mzee Asajile alikuja kukitazama. Alitazama muda mrefu, halafu akasema, "Haya. Jumamosi." Akaenda mwenyewe kufuata kibali cha ofisi, akachongesha sanduku jipya, akatuma watu wakachimbe kaburi kwake juu. Zilibaki hatua sita.

Ijumaa saa tisa alasiri nilikuwa nimerudi mapema. Hakukuwa na tone la mvua. Niliona maji yamepanda kwa ghafla, na sasa hayakuwa na sauti. Mama Lusajo alituma watu wamwite shemeji yake na mchungaji. Wakaja, pamoja na hao wawili, wanaume wanane na majembe na sururu, wakaanza kupasua saruji, hawakungoja tena Jumamosi. Nami nilishika sururu. Saruji ilikuwa nzuri mno, fundi hakuiba hata koleo moja. Nusu saa nzima tulikuwa tunavunja kifuniko tu.

Mama Lusajo alikuwa amesimama nyuma yetu. Sisi tulitazama saruji na yeye alitazama ardhi iliyotuzunguka. Nikamsikia anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Tokeni."

Hakuna aliyetoka. Mchungaji akasema, "Mama, bado kidogo."

"Tokeni! Kuna ufa nyuma yenu. Hapa nimeshazika mmoja, sitaki tisa."

Niligeuka. Ufa ulikuwa mdogo, ningeweza kuuziba kwa kidole, lakini ulitoka kwenye migomba ukapita nyuma ya visigino vyetu hadi ng'ambo ya pili ya kaburi. Tukauruka. Mzee Asajile hakutoka. Aliushika msalaba wa kaburi kwa mikono miwili.

"Mungu hawezi kuruhusu," alisema.

Mama Lusajo akauvuka ule ufa, yeye na kanga yake, akamshika mkono.

"Ameruhusu, shemeji," akasema. "Njoo huku."

Akamvuta kama unavyomvuta mtoto kutoka barabarani, na mzee yule akafuata. Walikuwa wamefika kwenye mlango wa jikoni nilipousikia udongo unadondoka. Halafu kimya. Halafu mahali pale pakawa maji. Niliona kona ya saruji, kisha sikuiona. Mchungaji alikuwa amekaa chini, bado ameshika koleo.

Mama Lusajo akaomba. Aliomba kwa Kinyakyusa, na baadaye nilimwomba mchungaji anitafsirie niandike sawasawa. Alisema: "Kyala" (ndivyo wanavyomwita Mungu), "nilikuomba mume ukanipa kaburi. Nilikuomba kaburi, umelichukua. Sina jingine la kukuonyesha. Lakini mimi nipo, na nakutazamia." Basi. Hakushukuru na hakulaani. Akaingia jikoni kuwatafutia watu maji ya kunawa.

Jumamosi watu walikuja kama walivyoalikwa. Hapakuwa na wa kuzikwa, na kaburi jipya lilikuwa wazi kule juu. Wakakaa hawajui waimbe nini. Mama Lusajo akawalisha wali, kisha akawaongoza kwa mama Bupe. Mto ukishamaliza kwetu unageukia kwake. Ile mianzi yake inashika upande mmoja tu. Wakachimbua vipande vya shina la mianzi vyenye mizizi wakavipanda upande ulio wazi, zaidi ya watu arobaini, waliovalia nguo za msiba, matope magotini. Mzee mmoja alisema mianzi huchukua miaka mitatu kushika ardhi. Mama Lusajo akamwambia, "Basi ndiyo maana tunaanza leo, au wewe una shughuli nyingine?"

Huyo ndiye mtu niliyemwona, Mama. Sijui kama hilo ndilo ulilouliza. Siwezi kukuambia kwamba Mungu alikuja, kwa kuwa sikumwona, na nisichokiona siandiki. Naweza kukuambia kwamba mwanamke huyu aliomba mara mbili jambo kubwa, akakosa mara mbili, na Jumapili hii asubuhi nilimwona anapiga pasi kitambaa chake cha kichwa kwenda kanisani. Wewe kama hutaki kwenda, usiende. Ila dirisha liache wazi.

Sasa Mama Lusajo amehamia kwa shemeji yake juu, nami nimepewa kona kwenye ghala la mpunga. Nyumba yake bado imesimama, nimeipima leo, hatua nne kutoka ukutani. Nikimaliza wiki nitarudi Bondeni.

Nisalimie Dada na shemeji, waambie fedha za dawa zako nitazituma wakinijulisha tu. Nisalimie Baba mdogo, na mwalimu wangu wa darasa la tatu kama bado anapita kuomba ugoro. Mjane wa Elia umwambie sijamsahau, yeye na mtoto.

Nilitaka kuongeza ukurasa lakini naishia hapa. Ni saa nane mchana, jua linawaka, milima haionekani kabisa. Mbwa amepita mlangoni kuelekea barabarani. Mzee Asajile amekuja na kamba begani, amesimama mlangoni ananisubiri nivae viatu. Anasema tukamtoe mama Bupe na watoto. Nimemuuliza kama tumngoje mchungaji kwanza.

"Atatukuta huko," amesema. "Sala nimeanza njiani. Twende sasa hivi."

Mwanao,
Yohana
Talatala, Kyela